Neno lililovaa joho la kuazima

Wakubwa zangu, shikamooni. Wakalimani wenzangu wa kibandani, na ninyi wanafunzi mliojibana huko nyuma karibu na mlango, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie neno moja. Mratibu aliponiuliza nitahitaji muda gani nikamjibu nusu saa, akashangaa: neno moja, nusu saa? Nikamwambia kuna maneno mtu huyapita kama anavyopita nguzo ya taa, na kuna mengine hujikwaa. Hili mimi nilijikwaa, tena hadharani, maikrofoni ikiwa wazi.

Neno lenyewe ni la Kiingereza: discombobulate. Tulitamke pamoja, msione haya. Dis-kam-BOB-yu-leit. Mkazo uko hapo katikati, kwenye "bob", kama mtu anayeruka kidimbwi. Nawaona mnacheka. Chekeni tu, lilitungwa lichekwe.

Mkifungua kamusi mtaambiwa kwamba ni kitenzi, maana yake kumvuruga mtu, kumtoa kwenye utulivu wake hadi asijue ashike lipi aache lipi. Mtaambiwa pia kwamba ni neno la mzaha, na kwamba mara nyingi hutokea katika hali ya kutendwa: mtu husema kwamba yuko discombobulated. Maelezo hayo ni sahihi kabisa, na ndiyo yaliyoniponza.

Kilikuwa kikao cha siku mbili, mimi na mwenzangu tukipokezana zamu ya kukalimani Kiingereza kwa Kiswahili kila baada ya dakika 20. Mzungumzaji alikuwa profesa mzee, mtaratibu, suti imenyooka. Alipofika jukwaani akagundua karatasi zake hazifuatani: ukurasa wa 7 uko juu, wa kwanza uko chini, na miwani ya kusomea haionekani. Akapapasa mfuko wa kushoto, akapapasa wa kulia. Kisha akatabasamu, akasogelea maikrofoni na kutuomba radhi kwamba asubuhi ile yuko discombobulated kidogo. Waliokuwa wakimsikiliza kwa Kiingereza wakaangua kicheko. Mimi kibandani nikatoa neno la kwanza lililonijia mdomoni: "Mniwie radhi, leo nimechanganyikiwa kidogo."

Waliovaa vipokea sauti vya Kiswahili hawakucheka, na mnajua kwa nini. Kwetu aliyechanganyikiwa anaweza kuwa amepotea njia, lakini anaweza pia kuwa ameanza kuokota makopo. Niliwaona kupitia kioo, nyuso zimeinama, mama mmoja ameweka kiganja kifuani. Wakati wa mapumziko mzee mmoja akanifuata hadi mlangoni mwa kibanda, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, yule profesa wa watu, hali hii imemwanza lini? Na wenyeji wake wanamwacha tu asimame?"

Nikakosa pa kuficha uso. Maana nilikuwa nimeifikisha, tena bila kupoteza sekunde. Nilichokiacha nyuma ni vazi la neno, na kwa neno hili vazi ndilo lililobeba karibu kila kitu.

Hebu tulipasue tuone. Mwanzo wake ni "dis", kiambishi cha Kilatini kilicho halali kabisa, kinachotengua na kutawanya. Kinafuata "com", nacho ni cha Kilatini, chenye kukusanya pamoja. Mwishoni kuna "ulate", mkia mnaoukuta kwenye vitenzi vya watu wazima wenye ofisi zao: calculate, regulate, congratulate. Mpaka hapo hakuna wa kumshitaki mtu. Sasa tazameni katikati, pale mzizi unapotakiwa kukaa, pale penye moyo wa neno. Pana "bob". Bob hiyo si ya Kilatini, wala haina habari na mvurugano wa aina yoyote. Ni mlio tu. Ni kama mtu aliyevaa joho la mahafali na kofia ya pembe nne, kishada kinaning'inia shavuni. Ukiinua pindo la joho unakuta kaptura na kandambili.

Na bado kila mzungumzaji wa Kiingereza analielewa mara ya kwanza anapolisikia, bila kufunguliwa kamusi. Analielewa kwa sababu masikio yake tayari yana discompose, yana discomfit, yana discomfort, yote yakizungukia mtu aliyetolewa kwenye raha yake. Mtungaji aliazima sura ya ukoo, akamtia ndani yake mtoto asiye wa ukoo.

Hapa nina ugomvi kidogo na walimu wangu wa zamani, ambao walituambia maneno ya namna hii ni ya watu wasiojua lugha. Asiyejua viambishi hawezi kuvichezea. Mtu akimwita rafiki yake aliyejinyoosha kwenye kochi "Mheshimiwa Mtukufu Mlalachali", hajakosea Kiswahili. Anajua jinsi vyeo vinavyopangwa, anajua kiambishi cha mtu kinakaa wapi, ndiyo maana anaweza kumvika cheo mtu aliyelala. Discombobulate ni Mtukufu Mlalachali wa Kiingereza.

Sasa nani alilitunga? Hana jina. Tunachojua ni mahali na wakati: Marekani, miaka ya 1830. Lilipoanza kuonekana kwenye maandishi lilikuwa bado halijatulia sura. Wengine waliandika discombobracate, wengine discomboberate, na hili tulilonalo likaja kuwashinda ndugu zake. Ndivyo ulivyo utani wa mdomo, kila anayeusimulia hutia chake.

Wakati huo ukiuelewa, neno unalielewa pia. Nchi ilikuwa haijafikisha miaka 60 tangu itangaze uhuru wake. Upande wa mashariki kulikuwa na vyuo ambavyo kijana hakuvuka mlango bila Kilatini na Kigiriki. Upande wa magharibi kulikuwa na watu wa mipakani, wakataji misitu na wawindaji, na kura zao zilichangia sana kumwingiza Andrew Jackson ikulu katika uchaguzi wa 1828. Jackson alikuwa jenerali, hakuwa mtu wa vitabu. Mwaka 1833 Chuo Kikuu cha Harvard kikamtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa sheria. John Quincy Adams, aliyemtangulia katika urais na aliyesoma hapo hapo Harvard, akakataa kuhudhuria. Aliandika kwenye shajara yake kwamba hawezi kwenda kushuhudia chuo chake kikijifedhehesha kwa kumheshimu mshenzi asiyeweza kuandika sentensi yenye sarufi, ambaye hata jina lake analiandika kwa taabu.

Haikuchukua muda wachekeshaji wakaeneza kisa kwamba Jackson, baada ya kuhutubiwa kwa Kilatini, alisimama akajibu kwa Kilatini chake chote, misemo miwili iliyozoeleka isiyohusiana: "E pluribus unum, sine qua non," kisha akaketi. Kisa hicho ni cha kutungwa. Lakini nisaidieni: nani anachekwa hapo? Wasomi walicheka wakidhani anachekwa Jackson. Watu wa Jackson walicheka wakidhani wanachekwa wasomi, ambao nao wengi wao Kilatini chao hakikuwa kirefu zaidi ya hapo. Discombobulate limezaliwa kwenye kicheko hicho hicho cha pande mbili, na mpaka leo huwezi kusema kwa uhakika linamcheka nani.

Utani huu ulikuwa na soko. Kuanzia mwaka 1835 zilichapwa almanaki zilizobeba jina la Davy Crockett, mwindaji wa Tennessee aliyekuwa mbunge. Zilikuwa na kalenda na mwandamo wa mwezi kama almanaki nyingine, na katikati yake zikabandikwa visa vya uongo mtamu kuhusu dubu na mieleka, kwa lugha iliyojaa maneno ya kupikwa. Crockett mwenyewe aliuawa katika mapigano ya ngome ya Alamo, Texas, mwezi Machi 1836. Almanaki hazikufa naye, ziliendelea kutoka kwa miaka kadhaa na yeye ndani yake akiendelea kupigana na dubu.

Ndugu wa discombobulate wa kizazi hicho ni wengi, na wengi wao wamezikwa. Wachache nawatembeza mbele yenu kwa sababu wanastahili. Kuna absquatulate: "ab" ni Kilatini cha kutoka mahali, "squat" ni Kiingereza cha kuchutama, na mkia ni ule ule wa heshima. Maana yake kuondoka upesi bila kuaga, yaani kuinuka ulipochutama na kuingia mitini. Kuna slantindicular, ambamo mtu amechukua neno la mhandisi la wima kamili, perpendicular, akalipachika kiambajengo cha kuinama, slant: kitu kilichosimama wima kwa mshazari. Hilo ningelipa tuzo. Kuna hornswoggle, kumtapeli mtu, ambalo hata mkia wa Kilatini halina, limebaki mlio mtupu.

Na kuna sockdolager. Hili linahitaji tukae kidogo.

Sockdolager ni konde la mwisho, lile linalomaliza ubishi. Tarehe 14 Aprili 1865, siku ya Ijumaa Kuu, Rais Abraham Lincoln alikuwa ameketi na mkewe kwenye sebule ya juu katika ukumbi wa Ford mjini Washington, wakitazama tamthilia ya kuchekesha, Our American Cousin. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaisha. Jenerali Lee wa majeshi ya Kusini alikuwa amesalimu amri siku 5 kabla. Ilikuwa yapata saa nne na robo usiku. Jukwaani alibaki mwigizaji mmoja tu, Harry Hawk, akicheza Mmarekani mshamba aliyekwenda kwa ndugu zake wa Uingereza. Mama mmoja ametoka kumsema kwamba hajui adabu za watu wa daraja la juu, ameondoka kwa maringo. Hawk anamgeukia kwa nyuma na kumjibu, na ndani ya jibu lake, lililomwita bibi yule mtego wa watu, kuna neno sockdologizing.

John Wilkes Booth alikuwa mwigizaji. Tamthilia aliijua. Alijua jukwaani atabaki mtu mmoja, na alijua mstari huo ndio unaotoa kicheko kikubwa. Aliusubiri. Watu walipoangua, akafyatua risasi. Lincoln alifariki asubuhi iliyofuata.

Kwa hiyo katika maneno ya mwisho aliyoyasikia rais yule limo neno la mchezo, neno la joho na kandambili, kutoka kwenye ukoo huu ninaowaambia. Lincoln mwenyewe alikuwa mpenda vichekesho hadi mawaziri wake walichoka. Mimi kila ninapofundisha wakalimani wapya nawasimulia hili, na huwa silimalizii na lolote, kwa sababu sijui linamalizikia wapi. Ila jambo moja la kazi yetu limo humo: Booth alikuwa na uhakika. Alijua kwamba neno lile, kwa sauti yake tu, litawachekesha watu zaidi ya elfu moja kwa sekunde ile ile. Leo ukilisoma mstari ule kwenye kitabu, hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika sockdologizing pale lilikuwa na maana gani. Kicheko hakikusubiri maana.

Tuondoke huko.

Kuna mtu ataniuliza, kama karibu ukoo mzima ulikufa, kwa nini hili limebaki? Waliotabiri vifo vya maneno wameaibika mara nyingi. Mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift aliandika katika jarida la The Tatler akilalamikia maneno ya mitaani yanayokichafua Kiingereza. Miongoni mwa aliyoyataja ni mob (kundi la watu wa fujo), banter (utani) na bamboozle (kulaghai), na akasema amejitahidi miaka kadhaa kuyazuia mawili ya kwanza. Leo mob liko kwenye hukumu za mahakama, na bamboozle anaweza kulitamka bibi wa mtu kanisani. Discombobulate, kwa maoni yangu, limepona kwa sababu lilipata kazi ambayo hakuna neno jingine linaifanya.

Kazi hiyo ni ipi? Mfikirieni mtu aliyeamka usiku kwenye chumba cha hoteli, hajui mlango wa choo uko upande gani, anapapasa ukuta. Au mtu aliyerudi ofisini kutoka likizo akakuta madawati yote yamepangwa upya, amesimama na begi lake pale lilipokuwa dawati lake. Huyo ndiye discombobulated. Hajapata msiba, hajapandwa na hasira. Vitu vyake viko vyote, ila haviko mahali pake, na baada ya muda mfupi atakaa sawa. Ndani ya neno mna "kidogo" iliyofichwa. Na hapo ndipo utani ulipo: silabi 5 kwa tatizo la dakika 5. Neno ni kubwa kuliko shida, kama mtu aliyekuja kuvuka mfereji na mashua.

Ndiyo maana halifai kila mahali. Aliyefiwa hasemwi hivyo. Aliyeanguka akagonga kichwa na hakumbuki leo ni siku gani, huyo mpelekeni hospitali, msimwite kwa neno la kuchekesha. Wengi hulitumia kwa kujisemea wenyewe, kama yule profesa, maana kujiita hivyo ni kuwaambia watu: nimepotea, najua nimepotea, na bado nina akili ya kutamka neno refu. Kumwita mwingine hivyo inawezekana, ila muwe mmezoeana. Kwenye insha ya mtihani mwalimu atalipigia mstari mwekundu. Kwenye barua kwa rafiki ni tunu.

Hapo nataka niwapeleke kwenye uwanja wa ndege. Uwanja wa ndege wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, mwaka 2008 uliweka bango mbele kidogo ya mashine za ukaguzi. Mnaijua hali ya mtu anapotoka pale. Mkanda mkononi, kiatu kimoja mguuni kingine kwenye trei, suruali imeshikwa kwa kiwiko, kompyuta kwapani, hati ya kusafiria imeshikwa kwa meno. Bango halikusema mahali pa kuvalia viatu. Lilisema Recombobulation Area, na chini yake kuna viti. Watu walilipenda hadi American Dialect Society, jumuiya ya wataalamu wa lugha, ikalichagua kuwa neno lenye ubunifu kuliko yote ya mwaka 2008.

Lakini tazameni lililofanyika. Neno combobulate lenyewe halikuwapo. Hakuna aliyewahi kuamka asubuhi akiwa combobulated. Waliondoa "dis", wakabaki na kitu kisichokuwapo, wakakipachika "re" ya kurudia, na ghafla tunajengewa viti vya kurudia hali ambayo haina jina. Na kila abiria anaelewa!

Nilipoliona bango hilo kwenye picha nililala nalo siku tatu, nikilitafutia Kiswahili. "Eneo la kujiweka sawa" ni tafsiri njema, na haichekeshi hata kidogo. Nikaanza kuita maneno yetu moja moja, kama mwalimu anayeita majina.

Nikaanza na kubabaika. Zuri, lina b zake mbili kama bob, lakini anayebabaika ana woga, au ana alichoficha. Kuduwaa: huyo amesimama kama mti, na mtu wangu anapapasa mifuko, hajasimama. Kupigwa bumbuwazi, hapo pana mshtuko mzito, pana habari iliyomfikia. Kuhamanika ni roho iliyo juu juu, inatafuta mtoto aliyepotea. Kutibuka nikaliacha mlangoni, lina nyongo ndani yake. Shaghalabaghala nililipenda mno. Linasikika kama lililotoka kwenye kitabu kinene, na hizo "gh" mbili ni joho kamili. Wengi wetu tunazivua na kusema shagalabagala, tukabaki na kandambili. Ila shaghalabaghala ni hali ya chumba, ya kabati, ya mipango. Mtu husemi amekuwa shaghalabaghala, na kitenzi hulipati.

Nikafika kwa kuparaganyika.

Lisikilizeni: ku-pa-ra-ga-nyi-ka. Linaanguka ngazi kama sinia. Tunalitumia kwa mambo: mkutano umeparaganyika, mipango imeparaganyika, familia imeparaganyika. Mtu mmoja mmoja, aliye mzima, hatumsemi hivyo kwa kawaida, kwa sababu kuparaganyika kunataka vipande vingi. Na ndiyo faida yake. Ukisema "leo nimeparaganyika", msikilizaji anakuona ghafla ukiwa vipande, mkono huku, miwani kule, na anatabasamu kabla hajakuonea huruma. Hakuna anayefikiria makopo.

Kisha nikaona jambo ambalo Kiingereza hakina. Sisi tuna kauli ya kutendua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Panga, pangua. Kazi wanayoifanya kwa "dis" kichwani mwa neno, sisi tunaifanya kwa "ua" mkiani. Basi kama Wamarekani waliweza kulitengua neno lisilokuwapo, kwa nini mimi nisitengue lililopo? Paraganya, paraganyua. Bango la Milwaukee kwa Kiswahili: Eneo la Kujiparaganyua.

Mnaona, mmecheka tena, na hakuna aliyeuliza maana yake. Ndugu yangu pale mbele anatikisa kichwa, nadhani anataka kuniuliza kama liko kwenye kamusi. Halimo, mzee wangu, na silidai. Sisi tuna historia ya ajabu na maneno mapya. Tumekaa vikao vizito tukaunda ngamizi na tarakilishi kwa nia njema kabisa, na mpaka leo wengi wanasema kompyuta, ngamizi wakitajiwa wanacheka. Wenzetu waliunda discombobulate kwa kicheko, leo linaandikwa kwenye magazeti makubwa. Sisemi vikao vivunjwe, mimi mwenyewe nimekula posho zake. Nasema tu kwamba neno huwa halisomi muhtasari wa kikao.

Kwa wanafunzi, maana najua mtanikamata mlangoni: neno la namna hii likija sikioni mwako kibandani, una kama sekunde mbili. Usianze na "lina maana gani". Sikiliza ukumbi wa lugha ya kwanza unafanya nini. Wakicheka, kazi uliyopewa ni kicheko, na maana ya kamusi ije ikiweza. Ukiwa na neno la kuchekesha lenye maana ya jirani na jingine lenye maana kamili lililonuna, chukua la kuchekesha. Nimewahi kubishana na wakubwa wangu juu ya hili na sijabadili msimamo.

Miaka kadhaa baada ya yule profesa, nikiwa kwenye kikao kingine, nikalisikia tena. Safari hii ni mama mmoja kijana, slaidi zake zimegoma kufunguka, anabonyeza kila kitufe na picha ya ukutani inageuka juu chini. Akainua mikono akasema kwamba hata yeye sasa yuko discombobulated. Moyo ulinipiga. Nikasogea kwenye maikrofoni nikasema, "Ndugu zangu, mimi na slaidi zangu wote tumeparaganyika."

Nikasubiri. Sisi huwa nyuma ya mzungumzaji kwa sekunde moja au mbili, kwa hiyo kicheko cha Kiingereza kilikuja kwanza, kikaanza kufifia. Halafu upande wa kushoto wa ukumbi, kwenye vipokea sauti vya Kiswahili, kikaanza kingine. Yule mama akageuka kutazama ni nani anayemcheka kwa mara ya pili.

Mwenzangu wa kibandani akanisogezea kikaratasi. Ameandika: "Na absquatulate je?" Nikatazama saa. Dakika zangu 20 zilikuwa zimetimia. Nikavua vipokea sauti, nikamwachia maikrofoni, nikaingia mitini.